Rosela, mchaichai, ukwaju au chai ya matunda ya paketi: kipi kiingie kwenye jagi Tabora wakati wa kiangazi?

Kuanzia mwisho wa Agosti mpaka mvua za Novemba zianze, jua la Tabora halina huruma. Miombo imepukutisha majani, upepo unabeba vumbi, na Oktoba, mwezi wa joto kuliko yote, mchana huvuka nyuzi 30 bila shida. Anayeingia nyumbani saa nane mchana, awe anatoka sokoni au stesheni, hana hamu ya chai ya rangi. Soda na juisi za boksi zipo kila duka, ila wapo wengi waliozichoka, au walioambiwa hospitali wazipunguze. Wanataka kinywaji cha mitishamba chenye ladha ya tunda, kisicho na majani ya chai ndani yake, ambacho mtoto na bibi wanaweza kumiminiwa kutoka jagi moja.

Vinavyoshindania jagi hilo hapa kwetu ni vinne. Rosela, ambayo wengine wanaiita choya, ni kile kikombe chekundu chenye nyama kinachobaki kimeifunika mbegu baada ya ua kuanguka. Hukaushwa, kisha hulowekwa. Mchaichai unajulikana: majani marefu yenye harufu ya limau, yanayoota kando ya karo au bomba la maji. Ukwaju si chai kwa maana kamili, lakini unanyweka saa hizohizo na kwa sababu hizohizo, kwa hiyo kuuacha nje kungekuwa kumficha msomaji chaguo ambalo tayari analo jikoni. Cha nne ni chai ya matunda ya paketi, yale mavipande makavu yanayotoka Dar es Salaam au yanayoletwa na ndugu kutoka nje: tufaha, maganda ya chungwa, zabibu kavu, matunda ya waridi mwitu, na karibu kila mara rosela. Wekundu ule unaowavutia watu kwenye paketi za Ulaya kwa kawaida ni wa rosela, mmea uleule unaonunua kwa kopo sokoni.

Nitavipima vyote kwa mambo matano: vinapatikanaje, vinadai sukari kiasi gani ndipo vinyweke, vinakula mkaa na muda kiasi gani, vinapozwaje na vinakaa siku ngapi, na nani anapaswa kuwa mwangalifu. Rangi sijaiweka kuwa kigezo, ingawa najua ndiyo inayouza. Mambo haya hayana uzito sawa kwangu. La sukari nalitanguliza na nitalikawilia kidogo.

Kupatikana

Mchaichai hauna mpinzani. Shina moja ukilipanda mahali panapopata maji ya kuoshea vyombo, mwaka mmoja tu lina kichaka. Kiangazi majani hukakamaa na ncha kukauka, lakini harufu ipo. Angalizo moja: kuna nyasi nyingine inayofanana nao sana, inayopandwa kufukuza mbu, ambayo si ya kunywa. Tazama chini ya shina. Mchaichai wa chai ni mweupe unaoelekea kijani. Ile nyingine huwa na wekundu.

Rosela inastahimili ukame, ndiyo maana inakubali kanda yetu na majirani zetu wa kati, na kwa kuwa inauzwa ikiwa kavu, unaipata mwaka mzima. Tatizo ni ilikokaa. Nzuri ni nyekundu iliyoiva, inapinda kidogo ukiibana, na ukiinusa inakupa harufu ya tunda chachu. Ile iliyogeuka kahawia na kuvunjika kama unga imezeeka. Na kwa kuwa mkoa wetu ni wa tumbaku, inusa vizuri kabla ya kulipa: vitu vikavu hunyonya harufu haraka, na rosela iliyokaa kwenye gunia lililowahi kubeba tumbaku haitengenezeki tena.

Ukwaju huvunwa kiangazi hikihiki, kwa hiyo Septemba unaupata mpya na kwa bei inayovumilika. Paketi ndiyo ya shida. Ipo kwenye maduka machache makubwa, bei yake haiko karibu kabisa na ya vingine vitatu, na aina uliyoipenda mwezi huu mwezi ujao huenda haipo.

Sukari

Mtu anaacha soda kwa ajili ya afya, kisha anatia kwenye jagi la rosela sukari ileile aliyokuwa anaikimbia. Nimeliona hili kwenye shughuli nyingi za nyumbani, na linaniuma, kwa sababu kinywaji kilichoanza kikiwa kizuri kinageuzwa sharubati.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati anayoipata mtu kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai, siku nzima, pamoja na iliyomo kwenye uji na maandazi. Sasa piga hesabu: ukitia gramu 100 za sukari kwenye lita moja ya rosela na kuigawa glasi nne, kila glasi imebeba gramu 25. Glasi ya kwanza tu imemaliza fungu la siku.

Kwa kipimo hiki rosela na ukwaju viko upande mmoja: vichachu, na ulimi unadai kufidiwa. Rosela ina uchachu mkali wenye ukakasi kidogo, na ukiichemsha muda mrefu ukakasi unazidi, ndipo sukari inapozidi nayo. Dawa yake ni kutoichemsha. Iloweke kwenye maji baridi usiku kucha. Wekundu na tunda vinatoka, ukakasi mwingi unabaki kwenye rosela yenyewe. Ukwaju una sukari yake ya asili, hasa ule mweusi uliokomaa na kukaa, kwa hiyo chagua huo badala ya wa rangi ya kahawia hafifu.

Mchaichai hauna uchachu, kwa hiyo haudai kitu. Harufu yake peke yake inaudanganya ulimi kwamba kuna utamu. Shida yake ni kinyume: wengine wanaona hauna tunda, ni harufu tu. Hapo ndipo unaongezewa tunda lenyewe: maganda ya nanasi yaliyooshwa vizuri, vipande viwili vya chungwa, au pasheni moja. Miembe yetu ikianza kubeba, embe bichi lililokatwa vipande vyembamba na kulowekwa pamoja na mchaichai wa moto linatoa uchachu laini ambao limau haliufikii. Hiki ndicho ninachokipenda mimi kuliko vyote, na sioni haya kusema hivyo, ila najua asiyependa harufu ya mchaichai hatashawishika.

Paketi iko katikati. Tufaha na zabibu zinaulainisha uchachu wa rosela, na wengi wanaweza kuinywa bila kitu. Soma tu orodha ya viungo, maana zipo zilizotiwa sukari au ladha za kiwandani.

Kuhusu asali: sisi tunaoishi jirani na mizinga ya Sikonge, Urambo na Kaliua tuna jibu ambalo mikoa mingine inalinunua kwa gharama. Lakini mwongozo ule wa Shirika la Afya Duniani unaihesabu asali pamoja na sukari, kwa hiyo isiwe kisingizio cha kumimina. Faida yake ni kwamba ina ladha nzito, na kidogo kinatosha. Asali nyeusi ya miombo inakaa vizuri na rosela au ukwaju. Kwenye mchaichai inaifunika harufu. Mchaichai unapatana zaidi na asali ya nyuki wadogo, nyepesi na yenye uchachu wake. Itie kinywaji kikiwa vuguvugu, iyeyuke bila kupoteza harufu. Na mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata tone, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvidhibiti.

Mkaa na muda

Vyote vinahitaji maji yaliyochemka, hata vile vinavyolowekwa baridi. Majani na matunda makavu yamepita kwenye mikeka, magunia na mikono mingi. Suuza haraka, kisha tumia maji yaliyochemshwa na kupozwa. Yupo atakayekushauri uweke chupa juani itengeneze chai yenyewe. Usifanye hivyo. Maji yaliyowekwa juani hayachemki, yanabaki vuguvugu, na huo ndio uvuguvugu ambao bakteria huupenda.

Rosela: kiganja kimoja kilichojaa kwa lita moja, maji ya moto dakika 10, au maji baridi kwa muda wa saa nane. Mchaichai: majani kumi hivi, yafunge fundo uyaponde kidogo, tia kwenye maji yaliyochemka, zima jiko, funika, dakika 10. Kufunika si mapambo. Ile harufu ya limau inabebwa na mafuta yanayoruka na mvuke, kwa hiyo anayeuchemsha nusu saa sufuria ikiwa wazi anainukisha nyumba na kunywa maji ya kijani. Paketi inataka maji yanayochemka kabisa na dakika 8 mpaka 10, vijiko viwili vya chai kwa kikombe.

Ukwaju ndio unaokula muda wa mtu badala ya mkaa: nusu saa kwenye maji ya uvuguvugu, kisha kuukamua kwa mkono na kuchuja. Kwa kuwa mikono imeingia, mwenye familia kubwa afanye vizuri kuupitisha motoni kidogo baada ya kuchuja.

Sufuria nayo ina neno. Rosela na ukwaju vina asidi ya kutosha kuila alumini, na ladha ya chuma inaingia kwenye jagi. Tumia sufuria ya stili, ya enameli isiyobanduka, au mimina maji ya moto kwenye chombo cha kioo kinachostahimili moto.

Kupoza na kukaa

Mwenye friji asidhani amemaliza, maana umeme una siku zake. Na asiye na friji asikate tamaa, kwa sababu hewa ya Tabora inamsaidia kuliko anavyojua. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa kuyavujisha polepole kwenye vitundu vyake. Yakifika nje yanakauka, na yanapokauka yanachukua joto kutoka kwenye mtungi. Hewa ikiwa kavu, kazi hiyo inakwenda haraka. Sisi tuko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, mbali na ziwa, na Septemba na Oktoba hewa yetu ni kavu kwelikweli. Mtungi uliowekwa kivulini penye upepo unapoza vizuri zaidi hapa kuliko kando ya maji kule Kigoma, ambako hewa ya Ziwa Tanganyika ina unyevu.

Lakini usimimine rosela wala ukwaju ndani ya mtungi. Sukari na uchachu vinaingia kwenye vitundu, vinachacha, na mtungi unaharibika hata kwa maji. Njia nzuri ni kutengeneza kinywaji kizito kwa nusu ya maji, kikapoa chenyewe, kisha kila glasi ukaijazia maji baridi ya mtungini yaliyokuwa yamechemshwa. Rosela na ukwaju vinakubali njia hii vizuri sana kwa sababu ladha yake ni nzito. Mchaichai unakubali kwa shida. Ukiukoleza kupita kiasi unaanza kuleta uchungu. Paketi inakubali, ila inabidi utie mara mbili ya kiasi cha kawaida, na hapo gharama inauma. Kanuni hiyohiyo ifuate kwa barafu: kinachopozwa kwa barafu kipikwe kizito, maana barafu ikiyeyuka ni maji.

Kwenye friji, rosela tupu inafika siku tatu au nne, ukwaju siku tatu, mchaichai na paketi siku mbili mpaka tatu. Ukishatia vipande vya matunda, hesabu siku moja. Nje ya friji, vyote ni vya siku ileile, bila ubishi, na kikianza kutoa povu kimwagwe.

Mwili wa anayekunywa

Vyote vinne kwa asili havina kafeini, ila paketi isome: zipo zinazochanganywa na majani ya chai halisi, na zipo zenye urukususu, ule mzizi mtamu ambao ukinywewa kwa wingi hupandisha presha.

Rosela ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichapisha majaribio ya watu wazima 65 ambao presha yao ilikuwa juu kidogo. Waliokunywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki 6, kipimo cha juu cha presha kilishuka kwa wastani wa pointi 7 hivi, wakati waliopewa kinywaji cha kufananisha walishuka kwa pointi 1 hivi. Hiyo ni habari njema, na papo hapo ni onyo. Mama au mzee anayemeza dawa za presha amwambie mhudumu wa kliniki kwamba anakunywa rosela kila siku, na asiache dawa kwa sababu yake. Mjamzito naye asiifanye kinywaji cha kila siku kabla ya kuuliza kliniki.

Mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo atapata taabu na rosela na ukwaju. Mchaichai utamfaa zaidi. Ukwaju unalainisha choo, jambo ambalo kwa mmoja ni msaada na kwa mwingine ni usumbufu safarini. Na kwa kuwa asidi inalainisha meno, mtoto akimaliza glasi ya rosela au ukwaju asukutue kwa maji, mswaki usubiri nusu saa.

Kwa wazee wetu wasiotaka cha baridi, msibishane nao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa walionyesha mwaka 2012 kwamba kinywaji cha moto kinaweza kuupunguzia mwili joto, mradi jasho linalotoka lipate kukauka, na kivuli chenye upepo mkavu wa Tabora ni mahali pake hasa. Babu anayekunywa mchaichai wa moto chini ya mwembe saa tisa anajua anachofanya. Kwa kazi hiyo mchaichai na paketi vinafaa. Rosela ya moto ina wenyewe, na ukwaju wa moto sijauona ukimfurahisha mtu.

Kwa hali yako

Kama nyumba ina watoto wengi na bajeti ni ndogo, panda mchaichai na uutie tunda la msimu. Utawanywesha watu kumi bila kugusa sukari, na siku za embe watoto wenyewe watakuletea embe bichi.

Kama unaandaa shughuli, ya ndoa au ya futari, rosela ndiyo inayobeba kazi. Inatengenezwa nzito jana yake, inasafirishwa kwenye madumu safi, inaongezwa maji baridi palepale, na rangi yake inapendeza mezani. Iloweke baridi, tia vipande vya nanasi bivu kabla tu ya kugawa, na sukari weka pembeni kila mtu ajipimie.

Kama unauza kwenye deli karibu na stendi au stesheni, fikiria rosela na ukwaju pamoja, kwa sababu vinavumilia siku moja ya joto vikiwa na barafu ya kutosha pembeni, na wateja wao ni tofauti. Ukwaju unapendwa na wanaoujua tangu utotoni. Msafiri wa treni ya Kigoma au Mwanza, aliye na usiku mzima mbele yake, mwambie ukweli kuhusu ukwaju na tumbo; atakurudia safari nyingine.

Kama unaishi peke yako, unafanya kazi ofisini, na unachotaka ni kikombe kimoja bila kuchuja wala kukamua, paketi inastahili bei yake. Chujio dogo, maji ya moto kutoka chupa ya chai, dakika 10, umemaliza. Ukitaka kuifanya idumu, changanya nusu yake na rosela ya sokoni, kwa kuwa ndiyo iliyomo humo tayari.

Kama kuna mgonjwa wa kisukari nyumbani, mchaichai mtupu au wenye kipande cha limau uwe wa kwanza, na rosela ya kulowekwa baridi isiyo na kitu ifuate kwa anayeuweza uchachu. Kama kuna mwenye presha asiyetumia dawa bado, rosela inafaa kuzungumzwa naye na mhudumu wa afya.

Na kama mama mkwe anakuja Oktoba na hujui anapenda nini, andaa majagi mawili madogo: mchaichai wa moto kwenye birika, rosela ya baridi pembeni, na kibakuli cha asali ya Sikonge katikati. Achague mwenyewe.